VFD na mota ya spindeli kwenye karakana ya nyumbani: dalili, sababu na namna ya kutatua

Wanaochonga milango na vichwa vya vitanda kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) nyumbani wengi wana vifaa vilevile: spindeli, yaani mota inayozungusha kisu, ya kW 2.2 inayopozwa kwa maji, VFD (kifaa kinachoendesha mota hiyo na kubadilisha kasi yake) ya volti 220 iliyokuja nayo kwenye boksi moja, na umeme wa fezi moja kutoka kwenye mita. Malalamiko yao nayo yanafanana. Mashine haiwaki. Inanguruma bila kuzunguka. Inajizima katikati ya kazi. Inatekenya ukiigusa. Mara nyingi VFD yenyewe ni nzima. Kilichopo ni skrubu iliyolegea, parameta (mpangilio wa ndani wa VFD) iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, au ethi isiyofika popote. Kwa hiyo katika kila dalili tunaanza na ukaguzi usiogharimu kitu, na kununua VFD nyingine kunakuja mwisho kabisa.

Kabla ya kugusa chochote

VFD hupokea umeme wa mita, huugeuza kuwa DC (mkondo wa upande mmoja), huuhifadhi kwenye kepasita, kisha huukatakata kuwa fezi tatu za kupeleka kwenye mota. Kwa umeme wa volti 230, kepasita hukaa na volti kama 325 za DC, na zinabaki humo hata ukishachomoa. Zima breka, subiri dakika 10, halafu pima kwenye teminali za DC (kwa kawaida P na N) mpaka maltimita isome karibu na sifuri. Taa ya kioo (skrini ya VFD) kuzimika si uthibitisho.

Mambo matatu usiyafanye hata kwa majaribio. Usiingize umeme wa mita kwenye U, V, W. Hizo ni za kutolea, na VFD huungua palepale. Usiweke swichi wala kontakta ya kuwashia na kuzimia spindeli kati yake na VFD, na usichomoe plagi ya spindeli ikiwa inazunguka. Na usipime kwa mega (kipimo cha kuhami chenye volti kubwa) huku VFD ikiwa bado imeunganishwa.

Kingine: kioo kikionyesha msimbo wa hitilafu, upige picha kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta. Herufi ya mwisho ya msimbo mara nyingi ndiyo inayosema kosa limetokea wakati wa kupanda kasi, wa kukimbia au wa kushuka. Ukishaifuta, unabaki kubahatisha. Misimbo na parameta ninazozitaja hapa ni za VFD za Huanyang za mfululizo wa HY, kwa sababu zimeenea sana kwenye mashine ndogo. Kama yako ni ya aina nyingine, maana ni ileile ila namba tafuta kwenye kitabu chake.

Dalili: kioo hakiwaki kabisa

Anza na breka, kisha soketi. Plagi ya kawaida ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, wakati VFD ya kW 2.2 ya fezi moja inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20 ikibebeshwa mzigo kamili. Fyuzi hiyo itakatika leo, utaibadilisha, na wiki ijayo itakatika tena au soketi itayeyuka. VFD ya ukubwa huu inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 4 au unene ambao kitabu kinataka, na breka inayolingana na waya huo.

Kama breka na fyuzi ni nzima, pima volti kwenye teminali za kuingilia. VFD nyingi zina R, S na T hata kama zinakubali fezi moja, na si zote zinazotumia jozi ileile. Soma maandishi yaliyo juu ya teminali. Waya uliowekwa kwenye tundu lisilo lake haufanyi lolote, na watu wamewahi kurudisha VFD dukani kwa sababu hiyo tu.

Umeme unafika kwenye teminali sahihi na kioo bado ni giza? Kagua kebo ya kioo kama imechomoka. Zaidi ya hapo ni bodi ya ndani, na hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki. Ikiwa kuna harufu ya kuungua, au breka inaruka kila unapowasha, usijaribu mara ya pili.

Dalili: kioo kinawaka, lakini RUN haifanyi kitu

Hapa karibu kila mara ni parameta. VFD inauliza mambo mawili tofauti: amri ya kuzunguka inatoka wapi, na kasi inatoka wapi. PD001 ni ya amri, PD002 ni ya kasi. Zikiwa 0, VFD inasikiliza vitufe vyake yenyewe. Zikiwa 1, inasikiliza nyaya za nje. Weka zote 0 kwanza uone kama spindeli inazunguka kwa vitufe. Ikizunguka, VFD na mota ni nzima, na tatizo liko kwenye nyaya za kutoka kwenye bodi ya CNC.

Hapo kagua kama waya wa amri umeunganishwa kati ya FOR na DCM, na waya wa volti 0 hadi 10 kati ya VI na ACM. Kuchanganya DCM na ACM ni kosa la kawaida sana. Mota ikizunguka kwa amri ya kompyuta lakini kwa kasi isiyobadilika, pima VI kwa maltimita huku ukibadilisha kasi kwenye programu. Volti zisipopanda na kushuka, bodi ya CNC ndiyo haitoi.

Dalili: spindeli inanguruma, inatetemeka au inaanza kwa kusitasita

Fezi moja kati ya tatu haifiki. Ukiona hivi bonyeza STOP mara moja, maana mota inayonguruma bila kuzunguka inapika koili zake.

Zima, subiri kepasita zishuke, kisha ondoa nyaya za spindeli kwenye U, V, W. Pima ukinzani kati ya nyaya mbili mbili, vipimo vitatu kwa jumla. Namba zitakuwa ndogo, na ukubwa wenyewe si muhimu sana. Muhimu ni zilingane. Ukipata kipimo kimoja kizuri na viwili vinavyoonyesha kukatika, angalia ni waya gani ulioshiriki katika vipimo vyote viwili vibovu. Huo ndio uliokatika.

Mara nyingi umekatikia kwenye plagi ya mviringo iliyo juu ya spindeli. Ifungue. Ndani kuna vijiti vidogo vinne, kila kimoja na kikombe cha kuchomelea risasi. Waya mnene ukichomelewa na soldagani ndogo, risasi inakaa juu kama tone bila kushika shaba ndani. Ukiusukuma kwa kidole unaona waya unacheza. Spindeli ikienda kushoto na kulia siku nzima, kiungo hicho ndicho cha kwanza kuachia. Angalia pia nyuzi moja moja za shaba zilizochomoza na kukaribia kijiti cha jirani, kwa sababu hizo ndizo zinazoleta msimbo wa mkondo mkubwa kesho yake. Chomelea upya, vika kila kijiti mrija wake wa kuhami, na funga kibano cha kebo ili plagi isibebe uzito.

Kama plagi iko sawa, pima kebo yenyewe mwisho hadi mwisho huku ukiikunja, hasa pale inapopita kwenye mnyororo wa kubebea nyaya. Kebo ngumu ya kufungia nyumba haikukusudiwa kukunjwa mara elfu kwa siku. Kebo ikiwa nzima na vipimo bado havilingani ukipima kwenye spindeli yenyewe, koili imekatika. Peleka kwa fundi wa kusuka mota. Hakuna unachoweza kufanya nyumbani.

Dalili: inazunguka, ila inapata moto upesi, au E.OC (mkondo mkubwa) inatokea unapoianzisha

Hii ndiyo dalili inayoua spindeli nyingi mpya, na nyaya zinaweza kuwa safi kabisa.

Spindeli ya aina hii imetengenezwa kwa volti 220 katika hezi 400. Ukigawanya, ni volti 0.55 kwa kila hezi moja. Kwa hiyo ikipita kwenye hezi 50 inatakiwa kupewa volti kama 27 au 28 tu. VFD iliyopangwa kwa mota za kawaida za viwandani inaamini volti 220 ni za hezi 50, na itaipa spindeli volti zote hizo ikiwa bado kwenye hezi 50: mara nane ya inachostahili. Chuma cha ndani kinashiba sumaku, mkondo unapaa, na VFD ikichelewa kujikinga, koili zinaungua kabla hujamaliza kushangaa harufu.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza RUN mara ya kwanza, angalia PD005 (kasi ya juu) na PD004 (kasi ya msingi). Zote ziwe 400. Anza na PD005, kwa sababu PD004 haikubali kuizidi. Kisha PD003 iwe hezi unazotaka kukimbilia. PD141 iwe volti za mota, PD142 ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha spindeli, PD143 iwe 2, na PD144 iwe 3000. Hiyo ya mwisho inawachanganya wengi: ni mizunguko kwa dakika katika hezi 50, na VFD yenyewe huizidisha ili kioo kionyeshe 24,000 katika hezi 400. Weka pia PD011, kasi ya chini kabisa, kwenye 120 au karibu na hapo. Spindeli hizi hazina nguvu chini ya hapo, na zile zinazopozwa kwa feni iliyo kwenye shafti yao hazipati upepo wa kutosha.

Parameta ziko sawa na E.OC.A bado inatokea? Ongeza muda wa kupanda kasi, PD014, hadi sekunde 10 au zaidi. Bado? Rudia vipimo vya koili na plagi hapo juu. Bado? Tenganisha spindeli kabisa na uiwashe VFD bila mota. Ikitoa msimbo uleule hata bila kitu kwenye U, V, W, basi sasa ndiyo una haki ya kuilaumu VFD.

Kama mkondo uko kawaida na joto ndilo linalopanda polepole, nenda kwenye maji. Mrija wa kurudisha uwe unatiririka kwenye ndoo mbele ya macho yako. Pampu kunguruma si kwamba maji yanapita. Usitumie maji ya kisima. Kwa wakazi wa Dar es Salaam na pwani kwa ujumla, visima vingi vina chumvi, na chumvi hiyo inaganda kwenye njia nyembamba za ndani ya spindeli. Tumia maji yaliyosafishwa ya betri, ambayo hayajawekwa asidi, au maji ya rejeta ya gari.

VFD nayo ina joto lake. Nyingi zimepimwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40, na chini ya bati saa nane mchana karakana inaweza kufika huko bila shida. Isimamishe wima, iachie nafasi ya kutosha juu na chini, na itoe vumbi la MDF kwa kuipuliza ikiwa imezimwa.

Kelele ya kukwaruza pamoja na joto upande wa koleti (inayoshika kisu) ni beringi. Zungusha shafti kwa mkono ikiwa imezimwa. Ukisikia inakwama au ina mikwaruzo, usiikimbize hata dakika moja katika 24,000.

Dalili: inazunguka kinyume

Badilishana nyaya mbili zozote kati ya U, V na W. Basi. Ila hakikisha kabla ya kufunga kisu: spindeli ikizunguka kinyume, kisu hakikati bali kinaunguza mbao, na nati ya koleti inaweza kulegea. Ukiitazama kutoka juu, inatakiwa izunguke kama mishale ya saa.

Dalili: inajizima katikati ya kazi na kuandika E.LU

Volti za kuingia zimeshuka. Pima kwenye teminali za VFD mashine ikiwa inakata, siyo ikiwa imepumzika. Volti 225 za mapumziko zinaweza kuwa 185 kisu kikizama kwenye mninga. Kwanza kaza skrubu zote za njia hiyo, kuanzia teminali za VFD hadi breka. Kisha ondoa ekstensheni. Waya mwembamba wa mita 30 unakula volti nyingi, na ukiwa umeviringwa unapata moto juu yake.

Kama volti ni ndogo hata kwenye bodi kuu, hasa jioni watu wote wakiwa nyumbani, tatizo liko nje. Toa taarifa kwa shirika la umeme, na kwa sasa punguza kina cha kukata. Skrubu za mita na za waya unaoingia nyumbani si zako kukaza, hata kama unaona cheche.

Ukitumia jenereta ndogo au inveta ya sola yenye mawimbi ya mraba, E.LU na E.OU (volti kuzidi) zitapishana. VFD hizo hazipatani na umeme wa namna hiyo.

Dalili: E.OU unaposimamisha

Spindeli inapopunguzwa kasi haraka, inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye kepasita. Ongeza PD015, muda wa kushuka kasi, au iache isimame yenyewe. Rezista ya breki inahitajika kwa anayelazimika kusimama upesi tu, na siyo VFD zote ndogo zina sehemu ya kuiunganisha.

Dalili: mwili wa mashine unatekenya, au kinga ya mvujo (RCD) inaruka

Zima na usiendelee na kazi mpaka ujue kwa nini.

Ndani ya VFD nyingi kuna chujio lenye kepasita ndogo kutoka kwenye nyaya za umeme kwenda kwenye ethi. Ethi ikiwepo, mvujo huo mdogo unapita humo bila mtu kujua. Ethi isipokuwepo, chuma chote cha mashine kinaweza kukaa na volti kama nusu ya zile za mita, na ndicho kinachokutekenya. Utekenyaji huo unaweza kuwa mdogo, lakini unakwambia kwamba siku koili ikigusa mwili, hakuna kitakachokata umeme isipokuwa wewe.

Kagua kwa mpangilio huu, umeme ukiwa umekatwa. Waya wa ethi upo kwenye teminali ya VFD? Unafika kwenye bodi ya nyumba, au umeishia kwenye soketi? Kisha upande wa spindeli: pima kati ya kijiti cha nne cha plagi na chuma cha spindeli. Spindeli nyingi za bei nafuu huuzwa kijiti hicho kikiwa hakijaunganishwa na chochote ndani, kwa hiyo unaweza kuleta waya wa ethi mpaka kwenye plagi na mwili ukabaki mtupu. Ikiwa hivyo, vuta waya wa ethi peke yake hadi kwenye skrubu ya mwili. Bano la alumini linaloshika spindeli, likiwa na rangi, halipitishi umeme. Kwangua rangi chini ya kichwa cha skrubu, kisha pima tena. Kipimo kisome chini ya omu moja.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba uchimbie mashine nondo yake peke yake na mambo yaishe. Haitoshi. Nondo nzuri yenye omu 20 itapitisha volti 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5, na breka ya ampea 32 haitaruka hata siku moja. Ethi ya mashine lazima iungane na ethi ya nyumba, na mvujo ulindwe na kinga ya mvujo. Wengine huunganisha ethi na nyutro ndani ya mashine. Nyutro ikikatika, mwili wote unakuwa na umeme kamili.

Kinga ya mvujo ikiruka kila unapowasha na ethi ni nzuri, tenganisha spindeli. Ikiacha kuruka, koili au kebo inavuja: pima kwa mega ya volti 500 kati ya koili na mwili, VFD ikiwa imeondolewa. Chini ya megomu moja, usiitumie. Ikiendelea kuruka bila spindeli, inaweza kuwa aina ya kinga haifai kwa VFD. Kitabu kinataja aina inayotakiwa. Kuiondoa kinga yenyewe si suluhisho.

Nyumba ikiwa haina ethi inayofanya kazi, hapa ndipo mwongozo huu unapoishia kwako. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA kwa Tanzania, au EPRA kwa Kenya, na umwombe apime ukinzani wa ethi mbele yako.

Dalili: kompyuta inapoteza mashine spindeli ikiwaka

VFD hukata volti zaidi ya 300 maelfu ya mara kwa sekunde, na kebo ya spindeli inakuwa antena. Swichi za mwisho (za ukingoni mwa mashine) zinajibonyeza zenyewe, USB inakatika, mota za kusogeza zinaruka hatua.

Tenganisha kwanza nyaya: kebo ya spindeli ikae angalau sentimita 20 au 30 kutoka nyaya za mawasiliano, na zikikutana zipishane kama msalaba. Pili, tumia kebo yenye wavu wa kinga, na wavu wenyewe ufungwe kwenye teminali ya ethi ya VFD kwa kibano kipana, siyo kwa mkia mrefu uliosokotwa. Tatu, USB fupi yenye feraiti (kipande kinachovikwa kwenye kebo kupunguza kelele za umeme). Watu huanza na feraiti kwa sababu inanunulika kwa urahisi, wakati wavu wa kebo yao unaning'inia bila kufungwa popote.

Ukiipeleka kwa fundi

Peleka picha ya msimbo, picha ya kibandiko cha spindeli na cha VFD, vipimo vitatu vya koili, volti za kuingia mashine ikifanya kazi, na orodha ya parameta ulizobadilisha. Mwambie pia kama VFD ilikaa stoo zaidi ya mwaka bila kuwashwa. Kepasita zilizolala muda huo wote huamshwa kwa volti kidogo kidogo, na hilo hataligundua kwa kuangalia.